Jiko la Uroa na Simu Iliyolisusa

Zuwena, mke wangu,

Nisamehe. Tangu tulipokuzika nimewaandikia watu wengi, na barua yako nimeikwepa. Kila nilipoketi mkono ulikuwa mzito, nikajidai nina kazi. Mola akuweke pema.

Hapa Mkunazini nyumba imetulia kuliko ninavyopenda. Bado napika chai nyingi mno. Najua ungesema, "Mwalimu, nani atakunywa yote hiyo?"

Chama cha wapishi kimenipa kiti chako katika kamati. Nilikataa, wakashikilia kwamba kiti cha Zuwena hakiwezi kukaa kitupu. Basi nimekikalia, nami hata kuunga mchuzi sijui.

Unaikumbuka ile programu ya simu inayowapendekezea wageni mahali pa kula chakula cha nyumbani. Wewe ndiwe uliyesema, "Tujaribu, tusiwe waoga." Mwanzoni ilikuwa neema. Kule kijijini Uroa, mdogo wako Mwanaisha alikuwa akipika pweza wa nazi hadi anakosa pa kuwaketisha wageni.

Kisha ikaja Ramadhani. Mwanaisha na wenzake walifunga majiko mchana kama miaka yote, na simu wakazitia kabatini. Hawakumtaarifu mtu, hapa kwetu nani huambiwa kwamba ni Ramadhani? Lakini programu haikujua. Iliona majiko yasiyojibu, ikayashusha chini kabisa ya orodha yake. Idi imepita, majiko yamefunguliwa, na mgeni hafiki. Wote wanaelekezwa kijiji cha Paje, kwa wapishi wenzetu wa chama walioajiri vijana wa bara wasiofunga, ambao walikuwa wakijibu simu mchana kutwa.

"Shemeji," Mwanaisha aliniambia, "simu hii imenisusa, na mie sikugombana nayo!" Alicheka. Lakini ile sufuria kubwa uliyomwachia ilikuwa imefunikwa kanga, na jikoni hapakuwa na harufu ya kitu. Msimu ukiisha hivi, atalifunga jiko.

Bi Rukia, wa kampuni yenye programu hiyo, alikuja kutueleza jinsi walivyoipima programu yao. Wageni wameridhika, alisema, na nyota wanazotoa baada ya kula ni nyingi; wanapendekezewa wanachokipenda. Nikamwuliza: na wapishi je?

"Wapishi hawatoi nyota, Mwalimu," alijibu kwa adabu. Si mtu mbaya, Zuwena. Ungempenda.

Nikamweleza kwamba wastani mzuri wa darasa huweza kuwaficha watoto wa safu ya nyuma ambao hawakuelewa hata neno moja. Nikamwomba wapime upya, kila kundi peke yake: wageni, wapishi wa Paje, wapishi wa Uroa. Wamwulize Mwanaisha, wasimwulize aliyeshiba tu. Aliyaandika yote. Aliahidi kupima, kubadilisha hakuahidi.

Sasa kamati lazima iamue kama tutabaki katika programu au tutajitoa. Tukijitoa, wapishi wa Paje watapoteza riziki ambayo hawakumnyang'anya mtu. Tukibaki bila sharti lolote, mdogo wako ndiye atakayeumia. Kura zimelingana, na yangu ndiyo iliyobaki.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukipakua chakula. Ulianza na sahani ya aliyeketi mbali, karibu na mlango. Mimi nilikuwa ubavuni pako, nikinung'unika kwa njaa, nawe ukasema, "Wa karibu atajisemea." Sikujua kwamba ilikuwa elimu. Nilidhani unanichelewesha tu.

Laiti ungekuwapo... Naam. Hupo.

Nitalisoma jibu la kampuni litakapofika. Kisha nitakwenda Uroa, nile kwa Mwanaisha, nimtazame usoni kabla sijainua mkono wangu. Sitaki kumwamulia mtu ambaye sijala kwake.

Pumzika, mwenzangu. Siku tutakayoamua nitakuandikia wewe kabla ya mtu yeyote, hata kama uamuzi wenyewe utaniumiza kuuandika.

Mumeo,
Haji