Nilihamisha Herufi A, Mwenzangu Akaitwa Mzembe

Kosa la watu wengi wanaobadili kazi za vitufe vya kompyuta si kule kubadili. Kubadili ni halali, na mara nyingine ni busara. Kosa ni kuibadili mashine ya watu wawili kana kwamba ni ya mtu mmoja, kisha kukaa kimya. Barua ya leo imetoka Kibiti. Majina nimeyageuza, mambo yenyewe nimeyaacha yalivyo.

*

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo nilipolianza lilikuwa dogo na halimdhuru mtu, na sasa mtu anafukuzwa kazi kwa ajili yake, na mtu huyo si mimi.

Nafanya kazi kwenye duka la stesheneri karibu na stendi, mwenye duka tumwite Mzee Nasibu, kuna printa, mashine ya fotokopi na kompyuta moja tu ya kuchapia, mimi nakaa asubuhi mpaka adhuhuri na baada ya hapo anapokea mwenzangu Muzdalifa mpaka magharibi, tunachapa hati za kuuziana mashamba, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na tunawajazia wanafunzi maombi ya vyuo mtandaoni. Sasa mimi kwetu ni Nyamisati, na nilipokuwa msichana nikimsaidia baba kufunga kaa kwa kamba kabla ya kuwapeleka kwa wanunuzi, kaa mmoja alinibana kwa gando kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mfupa ukavunjika ukaunga vibaya, mpaka leo kidole hakikunjiki, kimesimama kama kijiti.

Kidole hicho ndicho kinachotakiwa kubonyeza A, na badala ya A kinaangukia kile kitufe cha pembeni kinachofunga herufi kubwa, kilichoandikwa Caps Lock, basi naandika jina la kijiji, Ruaruke, inatoka RuRUKE, nafuta naandika tena, mteja amesimama ananitazama. Duka la kwanza nililoomba kazi, mwenye duka alikiona kidole akasema, "Hapa tunataka vidole kumi, dada," nikarudi nyumbani nikilia, na kwa Mzee Nasibu nilipokuja sikusema kitu, mkono niliuficha ndani ya mtandio.

Mwaka huu nikaona video kwenye simu, kijana anaeleza kwamba kitufe chochote unaweza kukipa kazi nyingine kwa programu ndogo ya bure, nikajaribu, kwanza nikakizima kile kitufe cha herufi kubwa, nikaona raha, halafu nikaihamisha A nikaileta mahali pa F, chini ya kidole cha shahada, na F nikaipeleka mahali pa A, kwa kuwa F siihitaji mara nyingi. Mshauri, baada ya wiki mbili nilikuwa nachapa kama mvua ya masika, Mzee Nasibu mwenyewe akanisifu mbele ya wateja.

Vifuniko vya vitufe sikuvigusa kwa sababu mimi sitazami chini ninapochapa, lakini Muzdalifa anatazama, kwa hiyo kila adhuhuri kabla ya kutoka nilikuwa naizima ile programu, ni kubofya mara mbili tu, na siku nyingine nilisahau. Siku ya kwanza nilisahau nikiwa bado mlangoni, akaniita, "Mtani, njoo uone, naandika shamba inatoka shfmbf, hii mashine yenu imelewa?" Yeye ni Mmatumbi, mimi ni Mndengereko, basi nikamjibu, "Herufi za pwani hizo, zimeona umeshuka mlimani jana, zinakukimbia." Akasema, "Afadhali zinanikimbia, kwenu Nyamisati zingekwisha kuliwa kwa tui la nazi!" Tukacheka sana, na yeye anacheka mimi nikainama nikaizima, hakuona, na tangu hapo kila nikisahau nilikuwa napita njia hiyohiyo ya utani.

Jumatatu iliyopita nilipata habari shangazi yangu anaumwa, nikaondoka mbio kwenda Nyamisati, nikasahau. Mchana akaja Bwana Saadi kutoka Ruaruke na binti yake Zawadi, ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya chuo, Muzdalifa akaandika namba ya binti, akaandika nenosiri lake, likakataa, na nenosiri unavyojua linatoka vidoti, huoni ulichoandika, akarudia mara tano, akaunti ikafungwa. Alinipigia simu haikupatikana. Bwana Saadi akasimama barazani akapaza sauti stendi nzima isikie, "Mnatuwekea mtu asiyejua hata alifu na be!" Alhamdulillahi binti alisaidiwa na mwalimu wake jioni ileile akafungua akaunti kwa simu akatuma maombi, lakini aibu ilikwisha kumwangukia Muzdalifa.

Kesho yake Mzee Nasibu akatuita sote wawili, na mimi nilifika mapema nikaizima programu kabla hawajaja, nakuambia ukweli wote. Mzee akaketi mwenyewe, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, N, a, s, i, b, u, likatoka sawasawa. Akamtazama Muzdalifa akasema, "Mashine nzima hii. Sasa mbovu ni nani?" Muzdalifa akanigeukia mimi, wala hakuwa na hasira, akasema, "Mtani, ni utani wako huu? Sema tu, mimi sikasiriki." Nikasema, "Mimi? Mambo hayo ningeyajulia wapi?" Mzee akasema Jumamosi iwe mwisho wake, atamleta mtoto wa ndugu yake kutoka Ikwiriri.

Alipofariki mama yangu, Muzdalifa alikuja na watani wenzake, akaketi mlangoni mwa jiko akakataza wali usiepuliwe mpaka apewe kanga ya marehemu, watu wakacheka katikati ya msiba, na mimi nikacheka, kisha akafunga hiyo kanga kiunoni akaosha masufuria yote ya matanga peke yake. Mtu huyo jana ameniambia, "Dada, mimi naanza kuamini kweli siwezi kazi."

Naomba ushauri, je, nikizirudisha herufi mahali pake na kuiacha kabisa ile programu haitatosha? Au niseme ulikuwa utani, maana mtani hakasirikiwi? Nikisema kweli yote Mzee atakitaka kidole akione, na mimi nina watoto wawili.

Mimi Mwenye Kidole, Kibiti

*

Mwenye Kidole, binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika. Nitaanza na huruma, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia.

Mpangilio wa herufi unaoutumia ulitengenezwa Marekani zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, kwa mashine za chapa za chuma na kwa lugha ya Kiingereza. Hakuna aliyemfikiria mtu wa kuandika "mashamba" na "masahaba" huko Kibiti. Kiswahili kinaitumia A kuliko herufi nyingine yoyote. Hesabu mwenyewe katika sentensi yoyote uliyochapa leo. Na herufi hiyo imewekwa chini ya kidole kilicho dhaifu hata kwa mwenye mikono mizima. Nacho kile kitufe cha kufunga herufi kubwa kilikuwa na maana kwenye taipureta, ambapo kuandika herufi kubwa kulitaka kuinua chuma kizito, na mtu hakuweza kukishikilia kwa kidole muda wote wa kuandika kichwa cha habari. Chuma kimekwisha, kitufe kimebaki pale pale, kipana, jirani wa A. Wengi duniani wamekizima au wamekigeuza kuwa cha kufutia.

Kwa hiyo ulipokizima hukuharibu kitu. Ulipoihamisha A pia ulitumia akili, na tena akili nzuri: hata mipangilio mingine inayosifiwa, kama ule uitwao Dvorak na ule uitwao Colemak, imeiacha A palepale kwenye kidole cha mwisho. Ungeichukua mizima mizima isingekufaa. Ulijitazama mkono wako ukajipangia. Hilo sikulaumu.

Nilifundisha upigaji chapa kwa miaka mingi, na nilipata kuwa na mwanafunzi, Hashimu, aliyekuwa na vidole saba. Siku ya kwanza aliinua mikono miwili juu ya darasa akasema, "Mwalimu, ninavyo hivi tu, nipangie." Wenzake wakacheka, nikampangia, na mwisho wa mwaka waliocheka walikuwa nyuma yake. Yeye hakuwa na mashine ya kubadili vitufe. Alikuwa na ulimi tu, akautumia mapema.

Wewe ulikuwa navyo vyote viwili, mashine na ulimi. Sasa nisikilize.

Ulisahau kuizima programu siku ile unakimbilia kwa mgonjwa. Hilo ni sahau, na binadamu husahau. Lakini kesho yake uliwahi dukani, ukaizima, ukasimama ukatazama mzee wa watu akiandika jina lake kwenye mashine uliyokwisha kuisafisha. Hapo hukusahau chochote. Hapo ulimtengenezea mwenzako uongo, ukamwacha auvae yeye. Na alipokufungulia mlango, akakuuliza kwa upole mbele ya tajiri wenu, ukaufunga.

Unaniuliza kama unaweza kusema ulikuwa utani. Huwezi. Utani nao una sheria zake, na wewe umezaliwa ndani yake, unazijua. Mtani hufanya jambo lake hadharani, watu wanaona, anayetaniwa anajua nani kamtania, naye ana haki ya kulipiza. Muzdalifa aliuzuia mlango wa jiko mbele ya waliofiwa wote, kisha akaosha masufuria. Huo ndio utani. Kumchezea mtu riziki yake kwa siri na kumkana mbele ya mwajiri hakuna mlima wala pwani inayoliita jambo hilo utani. Tena utamlazimisha acheke jambo linalomuumiza, kwa kuwa desturi inamkataza kukasirika. Muachie hasira yake, ni haki yake.

Unauliza pia kama kuzirudisha herufi mahali pake kutatosha. Mashine itatengemaa, ndiyo. Muzdalifa atabaki mtu aliyefukuzwa kwa kutojua alifu na be, na stendi ya Kibiti haisahau haraka. Nawe utarudia RuRUKE yako, na kabla ya mwezi kwisha Mzee Nasibu atakiona kidole kwa njia mbaya zaidi.

Sasa kazi. Nenda kwa Mzee Nasibu kabla ya Jumamosi, Muzdalifa akiwepo, wala usianze na kidole. Anza na Jumatatu. Sema wewe ndiye uliyebadili, wewe ndiye uliyesahau, na wewe ndiye uliyeizima asubuhi ile. Usieleze sana, waonyeshe: washa programu, mwombe Mzee aandike jina lake tena. Likitoka Nfsibu atakuwa ameelewa kuliko maneno yangu yote. Baada ya hapo ndipo utoe mkono kwenye mtandio. Atakuuliza kwa nini ulificha. Mwambie juu ya yule aliyetaka vidole kumi. Mkumbushe kwamba kazi aliyoisifu mbele ya wateja ilifanywa na vidole tisa. Siwezi kukuahidi atasema nini. Anaweza kukasirika hata akakuambia uende. Ukienda kwa kosa lako mwenyewe utakuwa na la kujifunza, lakini Muzdalifa akienda kwa kosa lako atabaki na swali tu.

Na Bwana Saadi lazima ajue. Alipaza sauti barazani, basi mwombe Mzee amwite, naye asikie barazani hapohapo kwamba si Muzdalifa.

Kama Mzee atakubali mwendelee wote wawili, mpangilio wako usiuache, upange vizuri. Kwenye kompyuta hiyo mfungue akaunti mbili za watumiaji, moja yako na moja ya Muzdalifa, kila moja na nenosiri lake. Programu yako iwashwe kwenye akaunti yako tu. Adhuhuri usifunge dirisha ukaondoka. Toka kwenye akaunti yako kabisa, yeye aingie kwenye yake. Na ujue kwamba programu nyingine hubadili mashine nzima hata usipokuwepo, mpaka kwenye ukurasa wa kuingilia, kwa hiyo usiamini tu: siku ya kwanza keti naye, ingieni kwenye akaunti yake, aandike "asante" mara tatu mkiona wote. Usidanganyike pia kununua kibodi ya pili ukadhani itatosha. Programu nyingi hubadili kila kibodi iliyochomekwa. Kile kitufe cha herufi kubwa kwenye akaunti yake usikiguse bila kumuuliza, huenda yeye anakitumia kwa vichwa vya hati. Na nyote wawili, nenosiri la mteja likikataa mara moja, msirudie gizani. Andikeni neno lolote kwanza mahali panapoonekana, mhakikishe herufi zinatoka zilivyobonyezwa, ndipo mjaribu mara ya pili.

Hayo yote ni ya kesho na keshokutwa. Leo liko moja tu. Muzdalifa akiingia adhuhuri kupokea zamu, kabla hajaketi, mwambie: "Ni mimi."