Mguu Ulioinuka Kwenye Breki

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kapsoya tuko salama, na ng'ombe wako amezaa. Umeuliza nilijuaje kuwa babu yako ndiye wa kunioa.

Nilikuwa msichana wa aibu. Yeye, fundi, alikuwa amebadilisha masta silinda, ile pampu ya breki, ya pikapu ya baba, akaniomba nikanyage breki akitoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki.

"Shikilia mpaka nifunge nati."

Mawingu meupe yalipita polepole. Nikayatazama, mguu ukainuka kwenye breki kabla hajafunga.

"Umeshikilia?"

"Ndiyo."

Lakini baba angeteremka na pikapu hiyo bonde la Kerio kesho yake, na breki yenye hewa haishiki. Nikanong'ona, "Nimekudanganya. Nilikuwa natazama mawingu, nikaachilia."

Akacheka chini ya gari. "Haya. Mawingu yangoje, tuanze tena."

Tangu hapo sijamficha kitu.

Nyanya yako