Nyumba Iliyokwama Kwenye Skrini

Jumatatu, 3 Machi

Ndoto ile ile tena. Natembea ndani ya nyumba yetu ya zamani, miguu haigusi sakafu. Nimeamka nikitabasamu peke yangu. Nikawasha kompyuta, ninamoichora, ili nirudi humo humo — loo! Skrini nzima michirizi ya zambarau. Halafu giza. Halafu picha zikarudi, kubwa kubwa, zimevimba kama mkate ulioloa.

Kumbe kaka! Jana alikuja kumsalimia mama, akaona kompyuta "imechoka", akaweka programu ya kubadilisha madraiva yote, vile viprogramu vinavyoendesha vifaa vyake. Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kadi yangu ya picha ni ya zamani, na draiva mpya haiitaki. Nimempigia. Ati nimshukuru, sasa kila kitu ni kipya. Nampenda kaka yangu, lakini mikono ile ifungwe kamba.

Jumanne, 4 Machi

Programu ninayochorea nyumba haifunguki. Bila kadi, hakuna nyumba.

Ile ya kweli ilivunjwa barabara ipite. Tangu mama ahamie kwangu nimekuwa nikiijenga upya humu, chumba kwa chumba. Yeye anaelekeza, mimi nachora. Dirisha lipande kidogo. Mlango wa jikoni ufungukie nje. Ukuta usiwe mweupe hivyo, wetu ulikuwa umelambwa na moshi. Lakini hajaiona bado ikiwa na mwanga ndani, jua likiingia asubuhi. Hiyo nilimwekea mwisho.

Na daktari wa macho wa mama hakuzungusha maneno. Sukari imeharibu mishipa. Macho yanaweza kufifia taratibu, yanaweza kuzima ghafla. Kama kuna anachotamani kuona, akione sasa. Mama akasema anataka kuona nyumba yake. Daktari akanigeukia mimi.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa kompyuta amenielekeza kwa simu, sauti ya polepole, kama anambembeleza mtoto alale. Pakua draiva ya zamani kwanza. Kisha chomoa waya wa intaneti. Futa hiyo mpya mpaka mizizi, ndipo uweke ya zamani. Sawa, sawa, nikasema.

Nikafuta. Nikaweka. Nikawasha upya — rangi zimerudi! Nilipiga vigelegele, mama akaitikia kutoka chumbani, wala hajui vya nini. Ningemwita pale pale. Lakini nilitaka nimkalishe vizuri, na chai yake, aone kwa raha. Nikaenda kuchemsha maji.

Waya sikuuchomoa. Mjinga mimi! Narudi na kikombe mkononi, kompyuta imejipakulia draiva mpya yenyewe, na zambarau yake yote.

Mama akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema nimfukuze dereva huyo, niajiri anayejua njia ya nyumbani. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi.

Mama amemimina chai pembeni ya kikombe. Akasema kikombe kimehama. Nimefuta meza.

Mchana nililala kochini. Nikaota rangi tu, zinashuka polepole, na mimi nazikinga kwa mikono.

Jumapili, 9 Machi

Imekubali! Umeme upo, draiva ya zamani imekaa, waya wa intaneti nimeuweka mfukoni mwangu kabisa. Nimewasha na kuzima na kuwasha tena, haijatikisika.

Nimeingia peke yangu kwanza. Ee Mungu wangu. Jua linapita dirishani, linatambaa sakafuni, linapanda ukuta ule ule wenye moshi. Hata vumbi linaelea. Nikahisi nikinyoosha mkono nitagusa kitasa. Machozi yalinitoka, sijui ya nini, ya furaha.

Nikamwita mama. Safari hii bila chai, bila mbwembwe. Amekuja akipapasa ukuta, amevaa gauni lake la kutokea. Anasema mtu haendi kwake amevaa matambara. Nimemkalisha mbele ya skrini.

"Haya mwanangu, washa."

Nikadhani ananitania. Nikasogeza kiti chake. Nikapandisha mwangaza mpaka mwisho, mimi mwenyewe macho yakaniuma. Yeye uso ameuelekeza pale pale, anatabasamu.

"Washa basi."

Nimemwambia inafunguka, avumilie kidogo. Nimechukua kalamu ili mikono ipate cha kufanya. Anauliza tutaanzia sebuleni au jikoni. Sebule iko mbele ya uso wake, imejaa jua, mlango wa jikoni uko wazi. Naandika tu, naye anasikia kalamu, anadhani ni kazi ya kompyuta.

Anasema nisijali, hana haraka.