Pakiti Nane za Nyama ya Kusaga

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo jiko ni langu. Binti yangu amebadilishiwa zamu kule anakofua mashuka ya hospitali; sasa anarudi saa kumi na moja jioni, miguu imemvimba. Mume wake yuko barabarani na lori la maziwa. Anayeshinda nyumbani ni mimi. Kwa hiyo Baba atapika, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilikubali kabla sijamaliza kuulizwa. Miaka sabini na sita, ndiyo kwanza napandishwa cheo!

Amenibandikia karatasi kwenye mlango wa friji. Vyakula vitano, vyote vya nyama ya kusaga, maana ni rahisi na hakuna anayenuna. Jumatatu tambi. Jumanne wali uliochanganywa na nyama na njegere. Jumatano madonge kwenye mchuzi wa nyanya. Alhamisi viazi vya kuponda juu ya nyama, ndani ya oveni. Ijumaa mikate iliyojazwa.

Nilikwenda kwa mwenye bucha asubuhi.
"Nikusagie mara moja au mara mbili, mzee wangu?"
Tofauti yake nini?
"Mara moja ni ya wenye meno. Mara mbili ni ya wenye busara."
Mara mbili, basi. Kilo mbili na robo.

Nyumbani nikaigawa mafungu tisa, robo robo. Fungu moja la leo. Manane nikayatia kwenye mifuko, nikayalaza na kuyabana kwa kiganja mpaka yakawa bapa kama daftari – hivyo huganda haraka na huyeyuka haraka. Juu ya kila pakiti kipande cha utepe wa karatasi, na kalamu yangu nyeusi: tarehe, chakula, idadi ya walaji. "5/3. Madonge. Watu 4." Na kadhalika mpaka "13/3. Viazi. Watu 4." Nikazipanga wima kwenye droo ya friza. Nane. Zilipendeza. Sijapanga kitu kikapendeza hivyo tangu niache kupanga kurasa.

Tambi nilizivunja mara mbili kabla ya kuzichemsha. Marehemu mke wangu alifanya hivyo. Mkwe wangu akasema tambi haivunjwi. Akala sahani mbili.

Mjukuu wangu – Chiriku namwita, kwa kuwa mdomo wake haupumziki – alirudisha sahani moja kabatini. "Babu, tuko wanne!" Nikamwambia ile ilikuwa ya kufunikia sufuria. Nadhani ilikuwa ya kufunikia sufuria.

Baada ya chakula binti yangu alifungua friza, akasimama pale mpaka mvuke ukamfikia usoni. Kisha: "Baba, leo tarehe ngapi?" Tatu, nikasema. Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi na mtoto aliyemshuku kuibia.

Jumatano, 5 Machi

Madonge. Yalishikana vizuri, hayakumeguka. Siri ni kulowanisha mikono.

Lakini pakiti hazitimii! Nilizigandisha nane. Jana moja, leo moja. Zibaki sita. Ziko tano. Nimezihesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa kuzigusa. Iliyopotea ni ya viazi, ile ya tarehe kumi na tatu.

Nikamuuliza binti yangu. Hakuniangalia. Akasema labda nimeipika mwenyewe, nikasahau. Mkwe wangu, ambaye hula amesimama kana kwamba lori linamngoja nje, akaacha kutafuna.

Nimeipika? Lini? Nimelirudia daftari hili. Jumatatu tambi. Jana wali. Hakuna viazi. Namwamini nani – daftari au binti yangu? Zamani jibu lingekuwa rahisi: kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Lakini nimeishi na maandishi muda mrefu mno kuamini hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Mikate ya kujazwa. Mmoja ulipasuka ubavu, nikajipa mimi.

Nimeiona pakiti. Kwenye pipa la taka la nje, chini ya maganda ya mayai, imeyeyuka na kubadilika rangi. Mwandiko wangu juu yake: 13/3.

Nyama nzima! Ya siku nne! Mimi niliyefika nchi hii na begi moja, nikala mkate na chai miezi mitatu, nimeona nyama ikitupwa na mtoto niliyemlea asibakize hata punje. Na akaniambia labda nimeipika.

Sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini katika nyumba hii hatuulizani. Tunachunguzana.

Jumapili, 9 Machi

Nimesikia nisichotakiwa kusikia. Binti yangu alikuwa ukumbini, anaongea kwa simu na kaka yake aliye mbali. Mimi nilikuwa nakausha vyombo. Mlango wa jikoni haufungi vizuri, na hilo si kosa langu.

Alisema ama ni kitu cha mwaka jana, ama Baba hajui tena mwaka. Alisema tarehe anazijibu vizuri ukimuuliza, ndiyo maana inatisha. Alisema Alhamisi asubuhi atanipeleka kwa daktari wa kumbukumbu. Wakikuta kichwa kimechoka, kuna nyumba ambako wazee hushinda mchana wakiangaliwa. Gari linawapitia. Jiko nisiguse tena. Kisha akalia, kidogo, kwa pua tu, kama alivyokuwa akilia utotoni asimwamshe mama yake.

Kitu gani cha mwaka jana? Mwaka ninaujua! Siku ninaijua, iko hapo juu ya ukurasa. Nilimwaga maji ya vyombo, nikayajaza tena, nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Nimejaribu kujiona kwenye gari hilo. Nimekaa dirishani. Mtu ananifunga mkanda.

Jumatatu, 10 Machi

Jiko halina vifundo vyake vya kuwashia. Vyote vinne na cha oveni. Mashimo tu.

Mkwe wangu akasema limeharibika, atamleta fundi. Mfukoni mwake mlikuwa mnagongana vitu, kwa-kwa-kwa, kila alipopiga hatua. Ni mtu mwema. Hajui kusema uongo, na hata suruali yake haijui.

Binti yangu aliporudi, jiko likapona lenyewe. Akapika mayai. Chiriku akauliza mbona leo si tambi, si ni Jumatatu? Mama yake akamwambia ale. "Kwani Babu ameachishwa kazi?" Nikala yai langu. Halikuwa na chumvi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeelewa!

Nilikwenda buchani. Sikuwa na sababu; mtu aliyeachishwa kazi hupita pita mbele ya kazi yake ya zamani. Mwenye bucha akaniuliza ile nyama ilikuwaje. Nikamwambia yote, hata la pipa. Akasikiliza huku anapangusa kisu.

"Uliandika nini juu yake?"
Kumi na tatu mwezi wa tatu.
"Na ulinunua lini?"
Tarehe tatu.
Akanitazama. Akachukua trei kutoka kwenye kabati lake la baridi, akanionyesha kibandiko. Tarehe ya jana. "Nyama, mzee wangu, huandikwa siku iliyosagwa. Si siku itakayoliwa. Binti yako ameona ya kumi na tatu, na kumi na tatu haijafika. Sasa afikiri nini? Ni ya mwaka jana hiyo! Au baba yake anaishi mbele ya wenzake."

Anaishi mbele ya wenzake. Nilikaa kwenye kreti tupu, nikacheka mpaka akaniletea maji.

Kwani si ndivyo tulivyoishi? Miaka kumi na tisa nilipanga kurasa za gazeti, kwanza kwa herufi za madini ya risasi, moja moja. Gazeti halibebi tarehe ya siku linayotengenezwa. Hubeba tarehe ya siku litakayosomwa. Jumatatu mchana, mbele yangu kulikuwa Jumanne tayari. Nilimwandikia mke wangu orodha za sokoni kwa tarehe ya kesho, akinicheka: "Baba watoto, leo umeiweka wapi?" Na lile la mwisho, la Alhamisi, nililipanga lote, tarehe juu kulia, kabla askari hawajaja kufunga mlango. Halikuchapwa. Usiku huohuo tulivuka mpaka wa nchi, mama yao amembeba huyu binti mgongoni. Kwa hiyo kuna Alhamisi moja niliyoiandika ambayo haikufika. Miaka arobaini na moja sasa. Bado kwangu tarehe ni siku ya msomaji. Nyama naitengeneza leo, mlaji ni wa kesho. Kuna kosa gani?

Kosa ni kwamba sikumwambia mtu. Wala hakuna aliyeniuliza.

Kesho akirudi kazini nitamweleza. Kwa utulivu, kwa ushahidi. Nitampangia pakiti mezani zote. Ataona. Tutacheka wote. Alhamisi hatutakwenda kokote.

Jumatano, 12 Machi

Saa kumi na dakika ishirini. Nimepangusa meza. Nimetoa zilizobaki kwenye droo: 10/3, 11/3, 12/3. Tatu, za siku ambazo sikuruhusiwa kupika. Zimeshakuwa magazeti ya jana, isipokuwa moja. Nimeziweka kwa mstari, mwandiko ukimwelekea atakapokaa. Pembeni yake karatasi ya mapishi ya friji, na daftari hili, nitalifungua ukurasa wa tarehe tatu, aone mwenyewe: "Manane nikayatia kwenye mifuko", siku ya kununua, kila kitu.

Nimefanya mazoezi ya maneno. "Mama, keti. Nataka nikuonyeshe jinsi kazi ya zamani inavyomfuata mtu." Ni mazuri. Hayana lawama. La pipa sitalitaja.

Saa kumi na nusu. Nimeona nisafishe friza yenyewe, akute droo safi. Barafu imeota pembeni. Nimetoa mfuko wa njegere. Nimetoa mkate.

Chini ya njegere kuna pakiti.

Bapa. Imebanwa kwa kiganja. Alama ya vidole vyangu ipo. Utepe wa karatasi. Kalamu nyeusi. Mwandiko wangu – ile tatu yenye kichwa bapa, hakuna mwingine anayeiandika hivyo humu ndani.

"20/3. Tambi. Watu 5."

Nilinunua kilo mbili na robo. Mafungu tisa, moja likapikwa, manane yakagandishwa. Nimesoma tena ukurasa. Manane. Hii ni ya tisa. Nilitoa wapi nyama? Nilirudi buchani siku nyingine? Sikuandika. Na tarehe ishirini ni Alhamisi, na Alhamisi ni viazi, si tambi.

Na watu watano.

Binti yangu. Mume wake. Chiriku. Mimi.

Tunatarajia mgeni? Nimepekua daftari lote tangu Januari. Hakuna mgeni. Kijana wetu hawezi kuja, nauli yake ni ya ndege. Mwenye bucha? Nilimwalika kwa mzaha? Ningekumbuka. Ningeandika.

Nimehesabu tena kwa vidole. Kila nikifika kidole cha tano nakuta kimeshachukuliwa, na mtu ambaye sihitaji kumtaja kwa kuwa huwa haitwi, hukaa tu, upande wa dirisha, anavunja tambi juu ya sufuria. Ana miaka sita kaburini. Hilo nalijua. Ningeulizwa sasa hivi na daktari yeyote, ningejibu: miaka sita, na mvua ilinyesha.

Basi nani aliandika tano?

Zile tatu za mezani ninaweza kuzieleza. Kwa utulivu, kwa ushahidi. Hii siwezi. Nikiitia pipani, chini ya maganda ya mayai, nitakuwa nimefanya alichofanya binti yangu. Nikiirudisha chini ya njegere, itakaa pale hadi tarehe ishirini.

Saa kumi na moja kasoro. Ufunguo mlangoni. Amewahi leo. Anavua viatu, nasikia anavyopumua akiinama.

Nimeiweka chini ya daftari. Ni baridi sana, inapita kwenye karatasi.

Amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Ameziona pakiti mezani, na friza wazi, na maji sakafuni. "Baba," amesema, polepole. "Nini tena hiki?"

Nimesema: keti, mama. Ameketi. Nimesema: ngoja nimalize mstari mmoja.

Anangoja. Amesoma 10/3, 11/3, 12/3. Midomo inatikisika kidogo, anahesabu. Nadhani ameanza kuelewa – macho yake yamelainika, karibu atacheka. Ametazama karatasi ya mapishi. Sasa anatazama daftari. Ukurasa umeanza kulowana kutoka chini, wino unatanda, na maji yametambaa mezani mpaka karibu na mkono wake.

"Unaandika nini, Baba?"

Tarehe, nimemwambia.

Ameweka kidole kwenye maji. Anafuata yanakotoka