Mistari Yako Kwenye Pigano la Ngazi

Kaka mpendwa,

Salamu zangu zikukute umeshanawa grisi na umekaa, maana barua hii si ya kusomwa umesimama mbele ya friji la mteja. Mkono ulioungua umepona? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila tumechoka. Baba yupo. Miguu bado haimtii, lakini mdomo unamtii kupita kiasi. Kila asubuhi namwogesha kabla sijaenda kazini, na kila asubuhi analalamika: leo maji ni ya moto, kesho ni ya baridi.

Filamu tunaimaliza, kama yenyewe haitatumaliza kwanza. Wiki ya saba sasa nimejifungia kwenye chumba kisicho na dirisha nikisikiliza watu wakipigana. Unaijua kazi yangu: ngumi ikitua, nauinamisha muziki kidogo ili ngumi isikike, kisha nauinua tena. Lile pigano la kwenye ngazi peke yake lina ngumi sitini na tatu, mateke sijahesabu. Juzi mwenye duka alifunga droo kwa kishindo, mkono wangu ukatafuta kitufe cha kupunguza sauti.

Mwongozaji wetu tunamwita Bwana Tena, kwa sababu hajawahi kusikia kitu mara moja akaridhika. Muziki wa kielektroniki anautengeneza bwana mmoja mwembamba, tumempa jina Fundi Umeme. Besi yake inatembeza vikombe mezani. Ndiye aliyechukua mistari yako uliyonitumia kwa majaribio akailaza juu ya mitambo yake, pale mwanamke wa kwenye filamu anaposhuka ghorofa nane kwa ngazi akiwapiga wanaume mmoja mmoja. Siku ya kwanza tulipoicheza, hip hop yako na ule umeme wake, watu waliacha vikombe vyao wakasogea kwenye spika. Hata Bwana Tena hakusema “tena”.

Ndipo nikakupigia simu kukwambia kwamba mwongozaji amekataa, eti maneno yanafunika ngumi, na biti itabaki tupu. Ukasema sawa, kazi ndivyo zilivyo, ukaniuliza kama huku mvua imenyesha. Miaka kumi na tano unaandika mistari, kisha unaniuliza habari za mvua! Heri ungenitukana.

Kaka, mwongozaji hakukataa. Niliyeitoa sauti yako ni mimi. Kwake nilisema umebadili mawazo, hutaki itumike. Alinung'unika siku mbili, akanituma nikubembeleze. Nikamjibu nimekubembeleza umegoma. Naandika barua kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena, nimeshazoea.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya Baba. Ameshamtangazia nesi, majirani, na hata fundi bomba kwamba mwanawe anaimba kwenye filamu, na siku ya kwanza ya kuionyesha atakaa kiti cha mbele. Nikamfikiria amekaa pale mbele za watu, mzee aliyebaki mifupa, akisikia unavyosimulia redio iliyovunjika, na mkanda aliokuchapa nao, na mlango uliofungwa kwa ufunguo. Nikaona haya kwa niaba yake.

Lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Kwenye mistari yako unasema redio uliivunja wewe. Kazi yangu ni kusikiliza kipande kilekile mara mia kwa siku, na mara mia kwa siku kaka yangu anajisingizia kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeiangusha, nikitaka kurekodi sauti yangu kwenye kaseti yako. Nilikuwa na miaka sita, wewe kumi, ukasema ni wewe kabla sijafungua mdomo. Hujawahi kunikumbusha, wala kwenye wimbo wako mwenyewe hukunitaja. Nilishindwa kuvumilia, nikakufuta.

Jumapili Baba aliniuliza tena wimbo atausikia lini. Nilikuwa sina nguvu ya kutunga uongo mwingine. Nikamvalisha hedifoni, nikamwekea wote pamoja na sauti yako. Alisikiliza macho ameyafumba, akataka urudiwe. Kisha akasema umempunguzia kosa: haukuwa mkanda, ulikuwa waya. Akasema ama umesahau ama unamhurumia, na hajui lipi linauma zaidi.

Hapo nikamsogezea hedifoni nyuma ya sikio, nikamweleza kuhusu redio. Akaniuliza, “Kwa hiyo yule mtoto nilimpiga bure?” Nilitaka kumwambia kwamba hata kama ungeivunja kweli, ingekuwa bure vilevile, ila nikaishia kumfunika miguu kwa blanketi. Akazivua hedifoni mwenyewe, akalia. Sikujua pa kuweka macho. Nikatoka nikaenda kufua mashuka yasiyo machafu.

Jumatatu nilimweleza Bwana Tena kila kitu. Alisema mimi ni mtu mzima hovyo, nami nikakubali. Akanipa mpaka Ijumaa saa nane mchana, baada ya hapo sauti zinafungwa, hakibadiliki kitu tena, na filamu inaondoka. Nimezipanga upya ngumi zote sitini na tatu ili zikupishe. Sauti yako imerudi mahali pake, lakini sitaifunga humo bila ruhusa yako. Safari hii nakuuliza wewe, kama nilivyopaswa kukuuliza tangu mwanzo. Unataka isikike? Barua nampa dereva wa basi la leo, utaipata jioni. Nipigie. Kama una matusi, anza nayo, nitasubiri umalize.

Wasalimie wifi na watoto. Fundi Umeme anakusalimu ingawa hamjuani, anasema pumzi yako imenyooka. Na Baba, kwa mara ya kwanza tangu uhame, amenituma nikusalimu. Anasema kiti cha mbele atakaa hata ukiuacha mstari wa mkanda kama ulivyo. Ila anakuomba, kama muda bado upo, urekodi ule mstari upya, useme waya.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku