Nimefunga Ekzosi ya Shemeji, Sasa Inanuka

Mshauri mpendwa,

Kabla sijaomba msaada, jua kwanza unasoma barua ya nani. Mimi nikikohoa karibu na injini mbovu, inawaka yenyewe kwa aibu. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme ilinichoka, lakini walimu walionifukuza leo wananiita fundi. Hapa gereji naitwa Daktari kwa sababu ekzosi nazifunga bendeji, na usicheke, maana hiyo miwani yako kwenye picha ya gazetini inaonyesha wewe ni mtu wa kucheka chini chini.

Ngoja nikufundishe, pengine gari unazijua kwa kupanda tu. Gari ya turbo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini, inapumua moto. Bomba la ekzosi linakuwa jekundu kama mkaa, joto lake linababua nyaya na mipira ya jirani, kwa hiyo tunalizungushia kitambaa maalumu kisichoungua, unakilowesha maji, unakivuta mpaka mishipa ikutoke shingoni, kila mzunguko unalalia nusu ya mwenzake, halafu unabana na vibanio vya chuma. Pasipofungika napiga rangi ya kuhimili joto, ila kwanza unasugua kutu mpaka chuma king'ae. Nikimaliza, utadhani mguu wa mgonjwa wa hospitali ya matajiri.

Basi wiki iliyopita shemeji, mume wa dada yangu aliyenilea tangu mama atutoke, akaleta gari yake. Shemeji ni mtu wa ofisi, boneti yenyewe anaitafuta kwa kupapasa. Nikamtania mbele ya mafundi wote, "Shemeji, ukisikia mlio wowote usiguse kitu, ongeza sauti ya redio!" Watu wakafa kwa kicheko, na yeye pia. Akasema, "Mimi nakuamini, shem. Jumamosi ya wiki ijayo tunapanda milimani kumwona bibi wa watoto, dada yako mbele, mapacha wetu nyuma. Nifungie vizuri."

Bosi wetu, tunamwita Kamanda, akachungulia kwa tochi. "Daktari, hili bomba la kurudishia oili ya turbo linatoa jasho. Badilisha gasketi kwanza, oili isivuje, ndipo ufunge."

"Kamanda, hiyo naifanya nimefumba macho."

"Fumbua," akasema, akaenda zake kutafuta vipuri.

Juzi shemeji kanipigia. "Shem, gari inavuta kama farasi! Ila tukisimama kwenye foleni kuna kaharufu, kama mtu anakaanga kitu." Nikamwambia kitambaa kipya ndivyo kilivyo, kinafuka siku za mwanzo. Na kweli huwa kinafuka, hapo sikudanganya, au sikudanganya sana. Tangu hapo chakula hakishuki, kila gari ikipita nainama kutazama chini kama kuna moshi, jana nimeiba saa ya kazi nikaenda hadi ofisini kwake na spana mfukoni, gari haipo, kaenda nayo mkutanoni, nikarudi nimelowa jasho kama nimebeba injini. Nikampigia dada nimwambie, kabla sijafungua mdomo akasema, "Mdogo wangu, nimewatambia majirani wote kwamba gari yetu imetengenezwa na damu yangu mwenyewe." Nikasema mtandao mbovu, nikakata. Na Kamanda ametangaza kazi zote za turbo zitakuwa chini yangu kuanzia mwezi ujao. Nikitamka neno, nje.

Nilitaka unitungie uongo mzuri wa kuirudisha gari kabla ya Jumamosi bila mtu kujua kwa nini. Lakini nimeandika mpaka hapa, basi niseme kweli. Gasketi sikubadilisha. Bolti moja ilishika kutu ikanishinda, nikaona haya kuita mtu, nikafuta oili kwa tambara, nikafunga bendeji kwenye ekzosi iliyo chini kabisa ya lile bomba la oili, nikamwambia Kamanda tayari. Kile kitambaa hakiungui, Mshauri. Oili inaungua.

Daktari wa Gereji

JIBU

Daktari,

Sijacheka. Nimemsomea barua yako fundi mmoja ninayemwamini, akauliza, "Hilo gari bado linatembea?" Akaniambia kitambaa kile kinanyonya oili kama utambi wa taa, na kwenye mlima mrefu, turbo likichemka, utambi huo unaweza kushika moto.

Unaijua kazi yako, kijana. Umenieleza hatua zote, zaidi ya nilivyohitaji. Kilichokushinda ni kusema "bolti imenigomea" mbele ya watu uliokwisha kuwachekesha. Nakuelewa, aibu ya namna hiyo inauma, hasa kwa mtu aliyezoea kuambiwa hafai. Lakini watoto wa dada yako hawawezi kupanda mlima juu ya aibu yako.

Uongo mzuri sina. Ukimaliza mstari huu, mpigie shemeji. Usianze na salamu ndefu wala utani. Sema: "Usiliwashe gari. Oili inadondokea ekzosi, na kosa ni langu." Lisiendeshwe hata hadi gereji, livutwe. Kamanda mwambie mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajalisikia kwa mwingine, na bolti iliyokushinda muombe mfungue pamoja. Kitambaa kilicholowa usikifue, kitupe. Kamanda akikufukuza, utaondoka ukiwa na familia nzima. Dada naye mwambie. Atakugombeza, kisha atakuuliza kama umekula.

Barua yako ilifika jana, Jumatano. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga mara nne, haipokelewi, na leo ni Alhamisi. Kwa hiyo naomba wasomaji wengine waniwie radhi, maneno haya ya mwisho si yenu.

Wewe baba wa mapacha, mwenye gari la turbo lililofungwa ekzosi wiki iliyopita na shemeji yako, unayesikia harufu ya kukaanga kwenye foleni: zima injini. Fungua milango ya nyuma, watoto washuke kwanza, msimame mbali. Kijana utamgombeza baadaye.