Mbuta wa Ouma Yuko Juu ya Moshi

Mbita, Alhamisi, Novemba 1997

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa jioni ndiyo imekatika. Nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni kwangu na bega la kulia limevimba. Hoteli nimeifunga. Leo sipiki tena, na ambaye hajala akale kwake.

Shajara yangu, nina hasira. Nimejaribu kuomba, nimejaribu kusugua sufuria, nimefagia hata mahali palipokuwa safi. Haijashuka. Basi acha niiandike.

Asubuhi Ouma alikuja amebeba mbuta begani, sangara mkubwa, mkia unampiga magotini. Ouma ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyenifuata huku kutoka Suna, kwetu Migori, baba alipofariki. Mimi napikia wavuvi, yeye anavua kwa ndoano, kwa sababu nyavu hana na pesa za nyavu hana. Alikuwa anacheka peke yake. Mbuta alikuwa ameimeza ndoano mpaka kooni, kwa hiyo Ouma alikata uzi tu akaiacha humo ndani, kama wanavyofanya kwa samaki wakubwa, nije kuitoa mimi wakati wa kupasua.

"Dada, usimpe mtu kichwa," akaniambia. "Kichwa ni changu."

Hakuwa na haja ya kusema. Huyu mtu nimemjua tangu akiwa mgongoni mwa mama. Kichwa cha samaki hukila kwa saa nzima, macho, mashavu, mpaka kile kinyama kilicho nyuma ya ubongo, akimaliza mifupa imekuwa myeupe, halafu analalamika kwamba ana njaa. Akarudi ufuoni kuvuta mtumbwi wake kwa sababu mawimbi yalikuwa yanapanda. Mimi nikamlaza mbuta kwenye ubao nikaanza kumpara magamba.

Sikuwa nimefika tumboni niliposikia nduru.

Nilikimbia na panga mkononi, magamba yamenijaa mpaka viwikoni. Kundi la wanaume lilikuwa limesimama ndani ya maji, makasia yanapanda na kushuka, na wengine wameshika mawe ya nanga. Katikati yao Ouma alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani. Walikuwa wanapiga kelele, "Jakuo! Jadak jakuo!" Jakuo ni mwizi. Jadak ni mtu wa kuja, aliyekaribishwa kwenye ardhi isiyo yake. Miaka yote hii tumewapikia, na wakiwa na njaa mimi ni Nyar Migori, binti wa Migori, tena wanalitamka vizuri. Wakikasirika ndipo tunakuwa majadak.

Mbele kabisa alikuwa Okeyo.

Okeyo ndiye aliyemfundisha Ouma kufunga ndoano. Ni mjane wa kiume, hana wa kumpikia, kwa hiyo anakula kwangu karibu kila siku, benchi la pembeni, anataka sehemu ya mkia na pilipili nyingi. Nilimwona akiinua kasia. Nilimwona akiligeuza ili lipige kwa ukingo, siyo kwa ubapa. Lilimpata Ouma shavuni na mfupa ukalia. Mimi ni mpishi wa samaki, mlio wa mfupa unaovunjika naujua.

Nilitaka kumkata. Sitaki kujidanganya hapa. Niliinua panga na nilikuwa nimeshachagua mahali, pale shingo inapokutana na bega. Mama Akoth anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alininingʼinia mkononi kwa uzito wake wote, na yule mama ni mzito, Mungu ambariki. Bila yeye ningekuwa naandika nikiwa mahabusu.

Kosa la Ouma lilikuwa nini? Okeyo alikwenda alfajiri akakuta ndoano zake tupu, chambo kimeliwa na samaki hayupo. Mtu fulani akamwambia kwamba Ouma ameonekana akipandisha mbuta mkubwa karibu na boya lake. Ni hayo tu. Hakuna aliyeuliza la pili. Na kila mtu hapa anajua jinsi magugu maji yanavyotutesa mwaka huu. Yanaingia na upepo jioni, yanafunika maji upana wa uwanja wa mpira, asubuhi yamehamia kwingine na kamba za watu yameziburuta. Boya la Okeyo lilikuwa limeburutwa mpaka kwa Ouma. Hata mtoto angeliona hilo. Lakini mtu aliyekosa samaki hakutaka kuangalia magugu, alitaka kumwangalia jadak.

Nikapiga kelele kwamba samaki yuko jikoni kwangu na ndoano bado iko ndani, waje waone ni ya nani. Nani alinisikia? Mmoja alinisukuma kwa kiwiko kifuani. Nikaangusha panga nikamlalia Ouma mgongoni, na kasia lililokuwa likimshukia yeye likanipata begani. Ndiyo maana limevimba.

Hapo ndipo filimbi ikalia. Mwenyekiti wa ufuo ni mtu mnene asiyependa jambo lifike mchana bila kuisha. Aliwarudisha nyuma, akanitazama nilivyolowa.

"Leta hiyo samaki, Nyar Migori."

Nilimbeba mwenyewe, sikutaka mtu amguse. Nikamtupa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaokota panga langu, nikampasua kuanzia chini mpaka kidevuni mbele yao wote. Damu ikachuruzika na mvua mpaka miguuni mwao. Nikaingiza mkono kooni, matamvua yakinichubua ngozi, nikapapasa mpaka nikaishika ndoano nikaingʼoa na nyama yake.

Kila mvuvi wa ndoano ana namna yake ya kufunga. Okeyo hufunga kwa uzi mweusi wa dukani. Ouma huo hana. Yeye hukaa jikoni kwangu jioni akichomoa nyuzi nyekundu za magunia ya vitunguu na kuzisokota pajani. Hakuna mwingine Mbita nzima anayefunga ndoano kwa gunia la vitunguu. Walikuwa wakimcheka kwa hilo, Okeyo akiwa wa kwanza.

Uzi ulikuwa mwekundu.

Niliiinua juu ili hata wa nyuma waone. Mmoja aliinama kukamua shati lake. Mwingine alianza kuongea habari za barabara ya Homa Bay, kwamba mvua imeikata. Okeyo aliitazama ndoano, akalitazama kasia lake, akaondoka nalo bila kumtazama mtu. Nyuma yangu Ouma alikuwa anatema meno ndani ya maji.

Dispensari walimfunga bendeji kutoka kidevuni mpaka utosini. Taya limevunjika pande mbili. Muuguzi alisema barabara ikifunguka apelekwe hospitali Homa Bay, na kwamba asitafune chochote mpaka mfupa ushike, na kushika kwenyewe ni wiki nyingi. Nilimrudisha nikamlaza kwenye mkeka, chumba cha nyuma ya jikoni.

Sikuwa hata nimebadilisha nguo, mwenyekiti akasimama mlangoni.

"Tumalize hii maneno leo," akasema. "Polisi ya nini? Pika hiyo samaki. Jioni Ouma na Okeyo wakule sahani moja, iishe."

Desturi hiyo naijua na ninaiheshimu. Watu waliomwagiana damu hawagusi sahani moja mpaka wapatanishwe. Wakishakula pamoja, jambo limekufa, na atakayelifufua ndiye mbaya. Wasipokula, damu inabaki kati yao na inaweza kuleta chira, ile laana inayommaliza mtu polepole. Mvuvi anaiogopa kuliko kiboko. Mwenye damu ya mtu mkononi haendi ziwani akiwa na amani. Kwa hiyo haraka ya mwenyekiti niliielewa. Kesho Okeyo alitaka kwenda kuvua.

Lakini sidhani wazee walioiweka desturi ile waliiweka iwe kitambaa cha kupangusia meza.

Nikasema ndiyo, maana nilikuwa nimechoka, nikaingia kupika. Nilianza na kichwa kwa sababu kichwa kilikuwa na mwenyewe. Nilikikata kwa nguvu hata ubao ukapasuka. Nikakichemsha na kitunguu, nyanya na chumvi, nikakamulia ndimu, nikakiacha mpaka nyama ikaachana na mfupa na supu ikawa nzito. Jikoni kukawa na harufu nzuri na hilo liliniudhi zaidi. Nikamimina kwenye bakuli nikampelekea.

Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini harufu ilimfikia. Alijaribu kutabasamu, bendeji ikakataa. Nikampitishia kijiko katikati ya midomo. Supu iliingia, halafu ikatoka pembeni ikiwa nyekundu. Akaniashiria nijaribu tena. Ikatoka tena.

Ouma akalia. Walipompiga na makasia sikumwona akilia. Amelilia kichwa cha samaki.

Kisha akalisukuma bakuli upande wangu akanyoosha kidole kwenye jicho la mbuta. Alitaka nile mimi. Nikala pale mbele yake, jicho, halafu shavu, na kila nilipomeza yeye naye alimeza mate. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile, na kilikuwa laini kabisa.

Nilipotoka chumbani nilikuwa nimeshajua kwamba yule mbuta hapikwi leo.

Mafuta yalikuwa yameanza kupata moto. Niliyaepua. Nikampasua samaki mgongoni akafunguka, nikamsugua chumvi mpaka michubuko ya mkono wangu ikawaka, nikamtanua kwa vijiti nikamlaza kwenye waya juu ya meko. Nikaondoa miali, nikaacha moshi. Nilimbanika kama mama alivyotufundisha kule Suna, samaki wa kusubiri.

Walikuja mvua ilipokatika. Okeyo alikuwa amevaa shati safi, akaketi kwenye benchi lake la pembeni kwa mazoea. Mwenyekiti akanawa mikono. Nikawawekea gilasi za maji, basi.

"Samaki iko wapi?"

Nikamwonyesha juu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, matusi yakiwemo. Yaliyotoka yalikuwa machache. Nikasema Ouma hana taya la kutafunia. Siku atakayoweza kutafuna nitamshusha yule mbuta, nitampika kwa nyanya na vitunguu, na Okeyo atakuja ale naye hapa, mbele ya wote waliopiga. Kabla ya siku hiyo hakuna kilichoisha.

"Alambe supu tu," mwenyekiti akasema. "Hiyo inatosha."

"Alilamba, mzee. Ilitoka na damu. Nikuletee bakuli uone?"

Akasimama. Akaniambia nikumbuke hii hoteli imejengwa kwa shamba ya nani. Alisema taratibu, kama mtu anayenikumbusha kufunga dirisha. Nikamwambia nakumbuka. Na kweli nakumbuka, na ninaogopa, shajara yangu. Neno moja lake linatosha kutufungisha virago turudi Suna, mgonjwa mgongoni. Lakini sikumshusha mbuta.

Okeyo muda wote huo alikuwa akitazama moshi.

"Itaoza," akasema mwishowe.

"Haiozi. Nitageuza kila siku."

"Na mimi nitakula wapi?"

Nilidhani ananichokoza. Nikamwangalia vizuri nikaona anauliza kweli. Mzee mzima, mikono yake juu ya meza yangu, haijui pa kwenda. Kama angeuliza jana ningemhurumia. Nikamwambia sijui. Wakatoka, mwenyekiti mbele, yeye nyuma, na maji wakayaacha vile vile.

Nilidhani siku imekwisha hapo. Nimekwenda kumgeuza Ouma ubavu, nikarudi kuketi hapa kizingitini niandike, na mguu wangu ukagonga kitu.

Ni mzigo wa kuni, umefungwa kwa uzi mweusi. Nimeufungua. Siyo kuni za porini. Ni mti mmoja uliopasuliwa vipande kwa shoka, na kimoja kina ukingo mpana wenye bati lililopigiliwa misumari. Bati hilo nalifahamu. Asubuhi nilitazama likipanda juu na kushuka. Ni kasia la Okeyo, lote, kuanzia mpini mpaka ubapa. Hana jingine, na bila kasia kesho haendi popote.

Sijui kama ni toba au ni hasira ya mzee aliyenyimwa chakula. Sijaenda kumuuliza na siendi. Nimeingia nikamwonyesha Ouma kile kipande chenye bati. Amekishika muda mrefu, akakipitishia kidole ukingoni, kisha akanirudishia na kuelekeza kidevu chake kilichofungwa upande wa meko.

Bega linaniuma na bado nina hasira, iandikwe hivyo. Kesho nitaanza na kile chenye bati. Ni mti uliokunywa maji ya ziwa miaka mingi, kwa hiyo hautawaka, utafuka tu. Na kwa yule mbuta nahitaji moshi.